Ubao wa Umri

Mbu wa chuma walitoka kwenye sanduku lao saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, sitini kwa hesabu, wakapita juu ya nyasi za uwanja bila hata mvumo. Kila mbu alikuwa na mtu wake. Wakimbiaji walikuwa wamekwisha kujipanga mstari mmoja, sikio la kushoto limeelekezwa mbele, kama watoto wanaosubiri kuvutwa. Mbu walitua kwenye ndewe, wakatoboa, wakafyonza tone dogo kuliko punje ya ulezi, wakarudi sandukuni. Kazi yote ilichukua muda wa mtu kupiga chafya mara mbili.

Juu kwenye roshani ya maabara, Daktari Fabiola Qamara alitazama huku amekunja mikono. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwembamba, na mdomo ambao mwanafunzi wake mmoja aliwahi kusema uliumbwa kwa ajili ya kusonya. Mbu wale walikuwa kazi ya mikono yake. Mashine iliyowapokea ndani, pimachembe, ilikuwa kazi ya akili yake. Na watu wale sitini chini uwanjani, wakimbiaji hodari kuliko wote waliopata kukanyaga nchi hii, kwake walikuwa vyombo vya kubebea damu.

Mmoja wao alipiga ishara ya msalaba. Mwingine alishika hirizi chini ya fulana.

"Wanaiombea damu," Fabiola alisema peke yake, akabenua mdomo.

Zamani, siku za bibi yake, Dongobesh ulikuwa mji wa gulio na vumbi jekundu, mahali ambapo mtu alipita akielekea Haydom. Mwaka huu wa 2094 lilikuwa jiji la watu milioni mbili, na lilikuwa limejengwa juu ya kitu kimoja: hewa nyembamba ya nyanda za juu na mapafu ya watu walioizoea. Barabara zake zilichorwa njia ya wakimbiaji kwanza, njia ya magari baadaye. Roboti za kufagia zilisimama kando kumpisha mtu anayekimbia, jambo ambalo hazikumfanyia hata mkuu wa mkoa. Katikati ya jiji hilo, nyuma ya ukuta mweupe, ndipo ilipokaa Kambi ya Mawinguni, iliyotoa mabingwa wa dunia kama kiwanda kinavyotoa sabuni.

Na siri ya kambi, kama ilivyosemwa, ilikuwa pimachembe.

Ndani ya kila chembe hai ya mwili mna nyuzi za urithi, na kila uzi una kifundo mwishoni, mfano wa kifundo anachopiga mshonaji ili uzi usichomoke. Chembe inapojigawa, kifundo hupungua kidogo. Kikiisha, chembe huchoka na kuacha kujigawa, na hapo uzee huanza kubisha hodi kwenye goti, kwenye moyo, kwenye ngozi, kwenye usingizi. Pimachembe ilipima vifundo hivyo katika tone moja la damu na kutaja umri wa kweli wa mtu, si ule wa cheti cha kuzaliwa. Zamani kazi hiyo ilihitaji wiki mbili na maabara nzima. Fabiola aliifanya iwe ya dakika nne.

Dakika nne zikapita. Ubao ukawaka.

Ubao wa Umri ulisimama mwisho wa uwanja, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Ulikuwa na majina sitini, na mbele ya kila jina namba mbili: umri wa kuzaliwa na umri wa chembe. Kijani kwa wenye nafuu, manjano kwa wanaochakaa, nyekundu kwa waliokaribia arobaini na tano. Aliyefika arobaini na tano alishushwa, maana yake alipewa begi lake na tiketi ya kurudi kwao siku hiyohiyo. Hapakuwa na rufaa. Chembe hazisemi uongo, ndivyo Fabiola alivyopenda kuwaambia.

Sitini waliinua nyuso kwa pamoja. Mstari wa tatu kutoka juu ulikuwa umegeuka mwekundu asubuhi ile. *Restituta Bura. 24. 44.*

Restituta alikuwa bingwa wa dunia wa mita elfu kumi, na mbio za dunia zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Alipanda ngazi za maabara kabla jasho la mazoezi halijamkauka, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Sema, nina kazi."

Kwa mbali alionekana msichana. Kwa karibu, Fabiola aliona mvi zilizotokeza juu ya masikio, na ngozi ya shingo iliyoanza kulegea. Aliziona kama fundi anavyoona kutu.

"Daktari, nifanye nini namba ishuke?"

"Kula vizuri. Lala. Acha kuwaza."

"Niache kuwaza, na jina langu liko pale ukutani?"

"Ubao haukuzeeshi, Restituta. Unakwambia tu kwamba umezeeka. Ukiona sura yako mbaya kwenye kioo, utakasirikia kioo?"

Binti yule alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta mlango katika ukuta. Kisha akasema, "Asante, Daktari," akashuka.

Fabiola alisahau maneno hayo kabla hajafika kwenye kiti. Maoni ya wakimbiaji hayakuwa na nafasi kichwani mwake. Aliwadharau kwa hirizi zao na nyimbo zao za kujitia moyo. Aliwadharau makocha kwa asali na mizizi waliyochemsha jikoni wakidhani hana habari. Lakini dharau yake iliyoiva, ile aliyoitunza kama mtu anavyotunza pombe ya sherehe, alimwekea Mkurugenzi Ombeni Nanyaro.

Nanyaro alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyewahi kutangaza mieleka kwenye luninga. Mara moja, mbele ya waandishi wa habari wa mataifa kumi na saba, alisema "chenga hai" badala ya "chembe hai", na Fabiola hakumsamehe hadi leo. Mchana ule alimwita ofisini.

"Daktari wangu! Keti, keti. Wazungu wako wanatusumbua."

"Si wangu."

"Wanasema nadharia yako ina tundu. Wewe umeandika kwamba kukimbia ndiko kunakokula vifundo. Wao wanasema, mbona mtu wa kawaida akikimbia vifundo vyake vinakaa vizuri zaidi? Wanataka ushahidi kwenye kongamano. Tuna wiki tatu."

"Mtu wa kawaida akikimbia anacheza," Fabiola alijibu. "Hawa wanaunguza miili. Ni kuni na moto, Mkurugenzi. Ukichochea sana, kuni zinaisha mapema. Hata mtoto anaelewa."

"Mimi naelewa," Nanyaro alisema kwa furaha, na Fabiola akajisemea moyoni kwamba kama huyu naye ameelewa, basi kweli hata mtoto angeelewa.

Ushahidi ulikuwa rahisi kuupata. Alihitaji mkimbiaji aliyeacha. Mtu akiacha kuunguza kuni, moto hupoa, na vifundo vyake havina budi kutulia. Alifungua orodha ya walioshushwa, akachagua jina lililokuwa na namba mbaya kuliko yote: Safari Gwandu, aliyeshushwa miaka miwili iliyopita akiwa na umri wa miaka ishirini na saba na chembe za mtu wa hamsini na tatu, kabla kikomo hakijateremshwa hadi arobaini na tano. Kumbukumbu zilionesha kwamba sasa alilima vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Vizuri. Kulima vitunguu ni kuinama. Hakuna anayezeeka kwa kuinama.

Kesho yake gari lisilo na dereva lilimteremsha bonde la Mang'ola, joto likampiga usoni kama mlango wa tanuri. Mashamba yalikuwa ya kijani kibichi, mifereji ya maji ikipita katikati, na roboti za kuvunia zikitambaa kwenye matuta kama konokono. Nyumbani kwa Safari alimkuta mkewe, mwanamke mfupi mwenye kanga iliyofungwa kifuani, akichambua vitunguu.

"Mume wako yuko wapi, mama?"

"Amekimbia."

Fabiola alishtuka. "Amemkimbia nani?"

"Hajamkimbia mtu, Daktari. Amekimbia tu. Anaenda hadi ziwani, anazunguka, anarudi. Kila siku ya Mungu. Mimi nimechoka kusema."

Safari alitokea baada ya nusu saa, kifua wazi, miguu imejaa vumbi jeupe la magadi. Alipomwona mgeni aliyeketi kivulini na sanduku la chuma miguuni, tabasamu lilifutika usoni mwake. Alichukua kata, akanywa maji taratibu mpaka akamaliza, ndipo akaongea.

"Karibu, Daktari. Umekuja kunishusha na huku?"

"Nimekuja kukupima. Tone moja tu."

"Kwa faida ya nani?"

"Ya sayansi."

"Ndiye nani huyo?" Safari aliuliza. Mkewe alicheka kwa sauti, na Fabiola akahisi uso unapata moto. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amcheke.

"Umekimbia kilomita ngapi leo?" aliuliza kwa ukali.

"Sijui. Siku hizi sihesabu. Mpwa wangu ana saa, aliniambia ni kama arobaini."

"Arobaini! Kambini mlikuwa mnakimbia thelathini."

"Kambini nilikuwa nakimbia kazi. Huku nakimbia kwa sababu asubuhi ni nzuri."

Fabiola aliifungia midomoni dharau iliyotaka kutoka. Mtu mpumbavu huyu alikuwa ameharibu ushahidi wake. Hakuwa amepumzika hata siku moja. Lakini safari ilikuwa ndefu, na sanduku lilikuwa limekuja.

"Nikubalie tu nipime."

Safari alifikiri. "Sawa. Kwa sharti moja. Usinitajie namba. Ukinitajia, nitakufukuza hapa kwa jembe, na sitanii."

Mbu alitoka, akatua, akarudi. Fabiola aliiwasha pimachembe ndogo ya safari, akageuza kioo upande wake. Baada ya dakika nne alisoma namba, akakunja uso. Akaomba tone la pili. Akaomba la tatu. Safari alitoa sikio huku akila kitunguu kibichi.

Arobaini na sita. Mara tatu, arobaini na sita.

Miaka miwili imepita, mtu anakimbia kuliko zamani, na chembe zake zimerudi nyuma miaka saba.

"Unalala?" Fabiola aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kama gunia."

"Na kambini?"

Safari aliacha kutafuna. "Daktari, kambini hakuna aliyekuwa analala. Saa tisa usiku sikio linawasha, unalishika, mbu bado yuko sandukuni. Unalala tena, linawasha tena. Asubuhi unapanga mstari, unauangalia ubao, na wenzako sitini wanauangalia ubao, na wote mnajua nani anafuata. Rafiki yangu alikuwa anafurahi namba yangu ikipanda, kwa sababu akishushwa mtu leo, si yeye. Nami nilikuwa nafurahi yake ikipanda. Huyo alikuwa rafiki yangu." Alitema ganda la kitunguu. "Mimi sina elimu yako. Lakini kuku akijua siku ya kuchinjwa, hanenepi."

Njia nzima ya kurudi Fabiola hakutazama nje. Maabarani, alifungua kumbukumbu za miaka tisa, damu ya kila mkimbiaji, ya kila asubuhi, akaiamuru mashine ichore mstari mmoja.

Kwa miaka mitano ya mwanzo mstari ulikuwa umelala. Miaka hiyo majibu yalikwenda kwenye meza yake tu, na wakimbiaji waliambiwa kwamba mbu wanapima chuma kwenye damu. Walikuwa wakikimbia kilomita zilezile, milima ileile, na walizeeka polepole kuliko wapishi na walinzi wa kambi. Kisha, tarehe moja ya mwezi wa Machi, mstari uliinuka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, na haukushuka tena.

Hakuhitaji kuuliza tarehe ile ilikuwa ya nini. Siku hiyo alikuwa amevaa kitenge kipya. Siku hiyo ubao ulitundikwa, bendi ikapiga, na yeye mwenyewe akabonyeza kitufe. Rangi nyekundu alikuwa ameichagua yeye, baada ya kukataa ya machungwa kwa kuwa haikutisha vya kutosha.

Maelezo ya kisayansi yalimjia yote kwa mkupuo, na uchungu wake ulikuwa kwamba alikuwa akiyafundisha kila mwaka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwili wenye hofu humwaga kotisoli, kemikali ya wasiwasi. Ikimwagwa kwa dakika kumi, humwokoa mtu na simba. Ikimwagwa mchana na usiku kwa miaka miwili, hukizamisha kimeng'enya kile ambacho kazi yake ni kufunga upya vifundo vilivyolegea. Mbio hazikuwa moto. Mbio zilikuwa zikiwasaidia. Kilichowala ni kupangwa mstari kila asubuhi na kuoneshwa namba ya kifo chao, kwa rangi, mbele ya watu waliotamani wenzao watangulie kufa.

Alikuwa ametengeneza kipimo kinachosababisha ugonjwa kinaoupima, na alikuwa amepata nishani mbili kwa ajili yake.

Asubuhi aliingia ofisini kwa Nanyaro bila kubisha, akaweka mchoro mezani. Alimweleza polepole, kwa maneno mafupi, kama mtu anavyomweleza mlevi njia ya kwao. Alipomaliza alisema, "Kwa hiyo ubao ushuke leo."

Nanyaro hakuutazama mchoro. Alikuwa akimtazama yeye, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na mzaha.

"Kocha mkuu alinionesha jambo hili mwaka jana," alisema. "Kwa penseli na kipande cha karatasi."

Fabiola alikaa.

"Kimeng'enya kinazama, chembe hai zinaacha kujigawa," Nanyaro aliendelea, na kila neno alilitamka sawasawa, bila kukwama. "Naelewa, Daktari. Lakini tazama upande wa pili. Tangu ubao utundikwe tumevunja rekodi kumi na moja. Mtu mwenye hofu anakimbia. Anakimbia miaka miwili, mitatu, kuliko alivyoweza kukimbia maisha yake yote. Kisha anashuka, na hapo nje kuna mwingine. Na watazamaji je? Nani siku hizi anatazama mbio? Wanatazama ubao. Wanaweka jina la binti mdomoni, wanasubiri lini atageuka mwekundu."

"Ulijua," Fabiola alisema, "na ukaniacha nitangaze dunia nzima kwamba ni mbio?"

"Ulitangaza vizuri sana. Nani angeniamini mimi, mtangazaji wa mieleka?" Alicheka kidogo, bila ubaya. "Tangu siku ya kwanza uliniona mjinga. Sikukulaumu. Mtu akikuona mjinga hafungi milango yake."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Kwa miaka tisa alikuwa amemdharau mtu huyu kwa kukosa akili, wakati kitu alichokosa kilikuwa kingine kabisa, na yeye hakuwahi kukitafuta kwa mtu yeyote, hata kwake mwenyewe.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasorobo, mbu hawakutoka. Fabiola alikuwa amefunga sanduku lao kwa ufunguo. Alishuka ngazi, akakanyaga nyasi za uwanja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na umande ukamlowesha viatu. Wakimbiaji sitini walikuwa mstarini, masikio mbele.

Aliwaambia kila kitu. Alizungumza vibaya, akirudia maneno, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuongea na watu waliosimama usawa wake. Aliwaambia kuhusu mstari uliolala na mstari ulioinuka, kuhusu hofu, kuhusu kitunguu cha Safari. Aliwaambia kwamba mbio hazina kosa. Akangoja washtuke.

Hakuna aliyeshtuka. Mmoja alikohoa.

"Tulijua," Restituta alisema.

"Mlijuaje?"

"Tangu wiki ya kwanza. Kila mtu kambini alijua, Daktari. Wapishi walijua. Nilikuja kukuambia juzi, ukaniambia habari za kioo."

"Sasa mbona mmebaki?"

"Kwa sababu ni kambi pekee. Kwa sababu mama zetu wametutangaza kanisani na msikitini. Kwa sababu ukiwa wa kwanza duniani katika jambo moja, ni vigumu kwenda kuwa wa mia tano katika jambo lingine." Alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu vilivyolowa. "Kila mtu ana sababu yake. Hukuwahi kuuliza."

Kengele ya ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa imeanza kulia. Restituta aliuvua mkanda wa kambi uliokuwa mkononi mwake, akauweka juu ya nyasi, akaelekea lango kuu. Mwingine akamfuata, kisha wawili, kisha kundi. Fabiola aliwahesabu. Walikuwa kumi na tisa. Arobaini na mmoja walibaki mstarini, macho mbele, na baadhi walikuwa tayari wamesogea kuziba mapengo.

"Kondoo," Fabiola alisema huku amekaza meno, alipomfikia Restituta langoni. "Wameambiwa ukweli, na bado wamesimama pale kama kondoo!"

Binti yule aligeuka kwa hasira iliyomfanya aonekane, kwa mara ya kwanza, mtu wa miaka ishirini na nne.

"Usiwaite hivyo! Unafikiri ubao ulikuwa nini, Daktari? Ulikuwa ni hayo maneno yako tu, umeyaandika kwa taa. Kila asubuhi ulitutazama toka juu vile unavyowatazama sasa. Ukitaka kuvunja kitu, anza hapo."

Akaondoka. Hakukimbia, alitembea, mkono mmoja ukishika kiuno, kama wanawake wazima wanavyotembea wakiwa wametoka mbali.

Kufika saa nne, fundi kutoka mjini alikuwa amefungua sanduku la mbu bila ufunguo, na Fabiola alikuwa amepewa begi lake. Nanyaro alimmwagia maneno mazuri mbele ya kamera. Pimachembe haikumhitaji tena. Alikuwa ameiunda vizuri mno.

Alifanya alichojua kufanya. Alikwenda kwenye kongamano, akasimama mbele ya wenzake mia nane, akaikana nadharia yake na kuonesha mstari. Walipiga makofi wakiwa wamesimama. Kabla mwaka haujaisha, kambi nne za nchi za nje zilikuwa zimeagiza mbao za umri za kwao. Walikuwa wameisoma karatasi yake kwa makini, hasa ukurasa wa sita, ule wenye rekodi kumi na moja.

Siku aliyopata habari hizo alikaa kitandani mpaka chai ikapoa. Alitaka kuwadharau, na dharau ilikuja upesi kama kawaida, tele, ya kutosha wote. Akaiona haina kazi. Akavaa koti, akaenda Kambi ya Mawinguni.

Ilikuwa siku ya kuchukua wapya. Foleni ilizunguka ukuta mweupe hadi kwenye kituo cha treni: vijana kutoka Babati, Singida, Iten, Kapchorwa, wazazi wakiwanyoosha kola. Fabiola alisimama hatua kumi kutoka langoni, upande wa barabara ambako walinzi hawakuwa na mamlaka ya kumfukuza, na kila aliyefika alimwambia ubao unafanya nini. Kwa kila mmoja alianza kwa kuuliza jina, na anatoka wapi, na kwa nini amekuja. Hilo lilikuwa gumu kuliko sayansi. Mara mbili alisahau, na mara mbili akaanza upya.

Wengi walisema "asante, mama" na kupita. Mzee mmoja alimsukuma kwa fimbo. Msichana mrefu, aliyevaa raba za kuazima, alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Wewe ni nani unayeyajua haya?"

"Mimi ndiye niliyeiunda."

Msichana alimpandisha na kumshusha, akasonya msonyo mrefu uliogeuza vichwa vya watu foleni nzima. "Wewe umekwisha kufika," alisema, "ndiyo maana unafunga mlango," akaingia ndani.

Fabiola aliupokea msonyo ule. Hakuona pa kuurudisha. Akamgeukia aliyefuata. "Unaitwa nani, mwanangu?"

Kufikia saa kumi jioni foleni ilikuwa imekwisha. Walikuwa wameingia mia mbili na sitini. Mlinzi wa lango, aliyemfahamu tangu siku za kitenge kipya, alimletea kiti cha plastiki, labda kwa huruma, labda kwa kuchoka kumtazama amesimama.

"Daktari, umeongea siku nzima. Wamerudi wangapi?"

"Watatu."

"Watatu tu!"

"Mmoja wa Kapchorwa, anaitwa Chelimo. Ndugu wawili wa Singida. Yule mdogo alikuja kwa sababu baba yake aliwahi kushika nafasi ya pili, hakuwahi kuambiwa kwamba kuwa wa pili kunatosha." Alikaa, akavua kiatu, akasugua kisigino. "Kesho mnafungua saa ngapi?"

"Saa moja."

"Haya," alisema Fabiola, akaanza kufunga kamba ya kiatu.